Mtungi wa gesi hauwi boila: kwa fundi anayetaka kujenga nakala ya Rocket

"Shikamoo mhandisi. Nina karakana ndogo ya kuchomelea hapa Tabora, na mashine moja ya kukereza ya zamani. Marehemu babu yangu alikuwa mchochea moto kwenye gari moshi la Reli ya Kati, na hadithi zake ndizo zilizonilea. Majuzi nimeona video ya nakala ya Rocket, ile injini ya mwaka 1829, ikitembea huko Uingereza. Nimepata hamu ya kujenga ya kwangu, theluthi moja ya ukubwa wake, itembee kwenye reli ya mita 50 nyuma ya karakana, watoto wa shule wapande. Ninao mtungi mtupu wa gesi wa kilo 38 ambao nataka uwe boila. Presha ya Rocket ilikuwa pauni 50 tu, ndogo kuliko ya kompresa yangu ya kujazia matairi, kwa hiyo sioni hatari. Naomba kujua: michoro halisi ya Rocket naipata wapi, na je, unene wa bati la mtungi unatosha?"

Marahaba, mwanangu. Nianze na mtungi, maana hilo haliwezi kungoja: usiukate. Mtungi wa gesi unaoitwa mtupu si mtupu. Gesi kidogo hubaki ndani, pamoja na uchafu wa mafuta chini, na cheche ya kwanza ya grenda inatosha kuwasha mchanganyiko huo. Najua mafundi wanaokata mitungi kila wiki kutengeneza majiko, wengine huijaza maji kwanza, na wengi wao bado wana vidole kumi. Lakini hata ukiukata salama, bado hujapata boila. Sababu yake nataka tuipitie taratibu, kwa kuwa umeuliza unene wa bati wakati bati si tatizo lako kubwa.

Kuhusu pauni 50 umesema kweli. Mashindano ya injini za reli ya Rainhill, Uingereza, ya Oktoba 1829, ambayo Rocket ilishinda na kuchukua zawadi ya pauni 500 za fedha, yalikuwa na sharti kwamba presha isizidi pauni 50 kwa inchi mraba. Kompresa yako inapita 100 bila wasiwasi. Ukilinganisha namba na namba, una haki ya kutoogopa. Ila presha ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili ni kitu gani kimefungwa humo ndani.

Kompresa ina hewa. Ikipasuka, hewa hiyo hutoka kwa kishindo, inaweza kuua aliye karibu, kisha imekwisha. Boila ina maji, na maji yaliyo chini ya presha ni kiumbe mwingine. Hapo Tabora, kwa kuwa mko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, sufuria yako huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Ukiyafungia maji hayo kwa pauni 50, hayachemki mpaka yafike nyuzi 148 hivi. Yanakaa humo yakiwa maji, yametulia, lakini yamebeba joto ambalo hewani yasingeweza kulibeba. Siku ukuta ukifunguka, presha hushuka mara moja na maji hayo hujikuta yana joto la ziada lisilo na pa kwenda isipokuwa kuyageuza mvuke. Takriban lita 9 katika kila lita 100 hugeuka papo hapo, na lita moja ya maji ikiwa mvuke hujaza nafasi ya lita karibu 1,700.

Sasa weka hesabu hiyo kwenye mtungi wako. Tuseme una lita 40 za maji. Zitakazogeuka ni kama lita tatu na nusu, nazo zitataka nafasi ya lita 6,000, yaani matanki mawili ya plastiki ya lita 3,000 yale ya kuvunia maji ya mvua, yajae kabla hujamaliza kupepesa jicho. Na yatajaa mahali uliposimama wewe na watoto wa shule. Ndiyo maana boila ya "presha ndogo" imeua watu wengi tangu zama za injini hizo, na ndiyo maana ikipimwa hupimwa kwa maji baridi, kwa kawaida mara moja na nusu ya presha ya kazi, kamwe si kwa hewa. Maji baridi hayabanwi wala hayana joto la kujigeuza. Mshono ukiachia, yanamwagika tu. Nakuomba sana, usijaribu boila yoyote kwa kompresa.

Turudi kwenye bati. Mwili wa mviringo hubeba presha vizuri, na kwa kipenyo cha mtungi wako bati la kawaida linatosha hata kubaki. Matatizo ni mahali ambapo mviringo unaisha. Boila ya Rocket ina ncha bapa, zenye matundu ya mabomba 25 ya shaba nyekundu ya kipenyo cha inchi 3, ambayo moto hupita ndani yake na maji nje yake. Hilo ndilo wazo lililoipa ushindi, na Henry Booth, katibu wa kampuni ya reli ya Liverpool na Manchester, ndiye aliyelipendekeza. Wewe ukijenga kwa theluthi, ncha yako itakuwa na kipenyo cha sentimita 34. Zidisha eneo hilo kwa presha: zaidi ya tani 3 zinalisukuma bamba bapa, kila unapowasha moto. Bamba bapa halipendi kusukumwa. Hutaka kuvimba kama mfuniko wa kopo la maziwa lililoharibika.

Usidhani haya ni maneno ya mzee mwoga. Robert Stephenson mwenyewe, aliyeijenga Rocket, yalimkuta. Agosti 1829, akiwa kiwandani Newcastle, aliijaza boila ya Rocket maji na kuipandisha mpaka pauni 70. Ncha ikatoka nje kwa sehemu tatu za kumi na sita za inchi, karibu milimita 5, na mabomba yakaanza kuteseka pale yalipoungana na bamba. Akasimamisha jaribio, akamwandikia Booth kumweleza, kisha akatia fito za chuma za kushikilia ncha moja na nyingine kwa ndani. Huyu alikuwa na kiwanda kizima cha injini nyuma yake, na bado bamba lilimshinda mara ya kwanza. Mtungi wa gesi ulibuniwa kubeba gesi ya baridi katika umbo lisilo na tundu isipokuwa la valvu. Ukitoboa matundu 25, ukapitisha moto, ukaweka maji yanayokula chuma kwa ndani, hesabu ya aliyeubuni imekufa, na ile stempu iliyogongwa shingoni haikuhusu tena.

Michoro sasa. Hapa nitakuvunja moyo kidogo, halafu nitakutia moyo. Seti kamili ya michoro ya karakana ya Rocket ya 1829 haipo. Waliojenga nakala walitegemea vipande: barua kama ile ya Stephenson, daftari la John Rastrick, mmoja wa waamuzi wa Rainhill, lenye michoro ya mkono, na injini yenyewe ambayo bado ipo Uingereza. Tatizo ni kwamba injini hiyo si ile ya siku ya mashindano. Silinda zake zilikuwa zimelala kwa mwinuko mkali, karibu nyuzi 38, zikawa zinaitikisa injini kama mtu anayetwanga. Baadaye zikashushwa karibu zilale. Kwa hiyo hata ukisimama mbele ya Rocket halisi na futi mkononi, unapima injini iliyokwisha kubadilishwa. Kuna nakala iliyojengwa kwa ushahidi mdogo kuliko huo: kwenye makumbusho ya Beamish, kaskazini mwa Uingereza, injini iitwayo Steam Elephant ilifufuliwa mwaka 2002 kwa kuanzia na picha ya rangi.

Na hapa ndipo pa kukutia moyo: kwa kuwa hakuna nakala iliyo "halisi" kabisa, nawe hudaiwi hilo. Nakala uliyoiona kwenye video yaelekea ni ile iliyojengwa 1979 kwa ajili ya kuadhimisha miaka 150 ya Rainhill. Dohani yake ni fupi kuliko ya awali, kwa sababu pale Rainhill reli imepandishwa tangu enzi hizo, na dohani ya urefu wa asili ingegonga daraja. Rocket ya 1829 haikuwa na breki hata moja. Dereva alisimamisha kwa kugeuza mvuke urudi nyuma. Hakuna mkaguzi wa leo atakayekuruhusu upakie abiria hivyo. Kila anayejenga nakala huchagua nini abaki nacho na nini aachie, na mimi huwaambia vijana: bakini na jinsi injini inavyofanya kazi, msihangaike na madini yaliyotumika. Mwendo wa pistoni, ule mlio wa mvuke dohanini, mikono miwili ya shaba mbele ya dereva, hivyo ndivyo vitu vya kunakili.

Hiyo mikono nikueleze, kwa kuwa ndiyo inayonifurahisha kuliko yote na huioni vizuri kwenye video. Kwenye Rocket, kinachofungua na kufunga njia za mvuke ni sahani mbili zilizo kwenye ekseli, ambazo katikati yake haziko sawa na katikati ya ekseli, hivyo zikizunguka zinasukuma fito mbele na nyuma. Sahani hizo zimekaa huru. Dereva akitaka kwenda mbele, anakanyaga pedali kuzisogeza upande mmoja zikamate pini. Akitaka kurudi nyuma, anazisogeza upande wa pili. Kabla hazijakamata, hana msaada: inabidi ashike mikono miwili na kuendesha njia za mvuke kwa mkono, silinda hii, kisha ile, akisikiliza injini inaitika wapi. Ikishakamata, mikono hiyo huenda na kurudi yenyewe mbele ya tumbo lake, naye aangalie isimpige. Ukiweza kutengeneza kifaa hicho kimoja tu kikafanya kazi mezani, utakuwa umeielewa Rocket kuliko watu wengi waliosoma habari zake.

Jambo la pili ambalo video haikuonyeshi ni maji. Babu yako, kama wachochea moto wote, jicho lake moja lilikuwa motoni na la pili kwenye kioo cha kupimia maji. Boila huwa haifi kwa presha peke yake. Mara nyingi hufa kwa kiu. Paa la sanduku la moto likikosa maji juu yake, chuma hupata joto jekundu, na chuma chekundu kimepoteza zaidi ya nusu ya nguvu zake. Hapo hata pauni 50 hulikunja kama karatasi. Sasa fikiria: pampu ya kulisha maji ya Rocket iliendeshwa na mwendo wa injini yenyewe. Injini ikisimama, pampu imesimama. Madereva wa zama zile, wakisubiri abiria na maji yanapungua, walilazimika kuitembeza injini mbele na nyuma ili tu iweze kunywa. Kifaa cha kusukuma maji kwa mvuke wenyewe, bila kutembea, kilibuniwa na Mfaransa Henri Giffard mwaka 1858, karibu miaka 30 baadaye. Nakala nzuri za siku hizi huongezewa kifaa hicho au pampu ya mkono, mahali pasipoonekana. Hapo ungepaswa kudanganya bila haya.

Na valvu ya usalama. Waamuzi wa Rainhill walidai kila injini iwe na mbili, moja ikae mahali ambapo dereva hawezi kuifikia. Walimjua binadamu. Juni 1831, huko Charleston, Marekani, mchochea moto wa injini iitwayo Best Friend of Charleston alikereka na mlio wa mvuke unaotoka kwenye valvu, akaibana. Boila ikalipuka ikamwua. Miaka 140 na ushei baadaye, kwenye kiwanda kimoja nilichofanyia kazi ujanani, nilikuta spana nzito imening'inizwa kwenye mkono wa valvu ya usalama. Nilipouliza, nikaambiwa "inavujavuja, inapoteza kuni." Niliitoa kwa mkono uliokuwa unatetemeka, na siku hiyo sikula chakula cha mchana.

Basi ufanye nini? Ukiniuliza ningefanya nini mimi kwenye karakana yako, ningejenga Rocket inayotembea kwa hewa. Najua jibu hilo linakukatisha tamaa, lakini ngoja. Kwa theluthi, silinda zako zina kipenyo cha milimita 68 na mwendo wa sentimita 14, gurudumu la kuvuta lina kipenyo cha sentimita 48. Kwa hewa ya baa 2 tu, yaani karibu pauni 29, pistoni moja inasukuma kwa nguvu ya kilo 70 hivi, na pale kwenye reli unabaki na kilo 20. Kwenye reli tambarare, mzigo wa kilo 500 hautaki zaidi ya kilo 5 hadi 10 ili utembee. Tanki la kompresa la lita 100, lililotoka kiwandani likiwa na stempu yake na valvu yake, ambalo hukulitoboa wala kulichomelea, linakaa ndani ya umbo la bati jembamba ulilolipaka rangi ya njano. Likijazwa baa 8 linakupa safari mbili au tatu za mita 50 kabla ya kuliunganisha tena na kompresa. Mikono ya shaba itacheza, pedali itakamata, dohani itapumua kila pistoni inapomaliza mwendo. Kitakachokosekana ni joto, masizi na harufu. Sitakudanganya kwamba hicho ni kidogo. Niliwahi kupanda behewa nyuma ya nakala ya Planet, injini nyingine ya zama hizo, kwenye makumbusho ya Manchester; matone ya maji meusi yalitoka dohanini yakaniharibia shati jeupe, na shati hilo ninalo mpaka leo.

Uzuri wa njia hii ni kwamba hupotezi kitu. Silinda, magurudumu, fremu na reli ni vilevile kwa hewa au kwa mvuke, mradi ukereze silinda za chuma cha kusubu au shaba tangu mwanzo. Ukifika siku ya kutaka moto, unabadilisha boila tu. Na boila hiyo usiijenge wewe. Sisemi huwezi kuchomelea. Mshono wa boila unahitaji mchomeleaji mwenye cheti cha vyombo vya presha, bati lenye karatasi za kiwanda, hesabu za mhandisi, na mtu wa tatu asiye na hamu yako wala yangu, aikague na kuikataa ikibidi. Hapo Tanzania mtu huyo umpate kupitia OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini. Ungekuwa Kenya ningekuelekeza DOSHS, idara ya kazi hiyo hiyo huko. Nenda kwao kabla ya kununua bati. Gharama itakuwa kubwa kuliko sehemu nyingine zote za injini zikijumlishwa, na ukiona haiwezekani, Rocket ya hewa bado iko relini.

Kuna anayejenga ndogo kabisa ya kuweka mezani, yenye boila ya shaba nyekundu iliyounganishwa kwa lehemu ya fedha. Hiyo ni njia halali na nzuri, ila watoto hawataipanda, na hata hiyo hupimwa kwa maji baridi kabla ya kuona moto.

Kama unataka kuuzoea mvuke wakati unajenga, usikae na video. Viwanda vya sukari, Kilombero, Mtibwa au TPC kule Moshi, vina boila kubwa zinazochoma makapi ya miwa. Omba ruhusa ukae zamu moja na mwangalizi wa boila, umtazame anavyopuliza kioo cha maji kwa mvuke wa boila ili ahakikishe hakimdanganyi. Chuo cha reli kiko hapo hapo Tabora. Uliza nani bado anakumbuka enzi za mvuke, maana hao wanapungua. Na ukifika Nairobi, Makumbusho ya Reli yana injini za mvuke ambazo unaweza kuzizunguka na kuzigusa.

Mengine mafupi. Watoto wakae kwenye behewa, si kwenye injini, na behewa liwe na breki yake. Weka kizuizi mwisho wa ile mita 50. Na kama umeota kuipeleka Rocket ya ukubwa kamili kwenye SGR, upana wa reli ni uleule wa Stephenson, milimita 1,435, lakini ruhusa hutapata, nami sitakuandikia barua.

Anza na silinda moja. Ikereze, uisugue mpaka pistoni ishuke polepole kwa uzito wake ukiwa umeziba tundu la chini kwa kidole, kisha nitumie vipimo tuvitazame pamoja. Ule mtungi urudishe kwa muuza gesi wiki hii. Ukiwa mzima bado una thamani ya kubadilishia.